Kamba za Mwavuli wa Baba

Katindiuka,
Ifakara.
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Nickolaus,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bukoba, pamoja na wifi Theodosia na watoto. Kifua chako je, bado kinakubana baridi ikianza? Sisi mwili hauna shida. Mpunga tumeshavuna na kupura, na mwaka huu mafuriko yalituonea huruma.

Ningeweza kukupigia simu, lakini Baba anashinda kibarazani, na mimi nikianza kulisimulia jambo hili sauti inakatika. Ndiyo maana naandika.

Unaukumbuka ule mwavuli wa Baba, parachuti la duara alilokuja nalo kutoka masomoni Chekoslovakia. Alituhadithia mara nyingi jinsi yeye na wenzake wa klabu ya kuruka walivyopewa miavuli iliyokwisha muda jeshini. Ilikuwa inashuka kokote upepo unakotaka. Ukipelekwa mtoni, basi ni mtoni. Ndipo wakaanza kuikata. Walitoa mapande ya kitambaa upande wa nyuma, hewa ikawa inatokea pale kwa nguvu na kuusukuma mwavuli mbele. Kisha wakafunga kamba kwenye kingo za matundu, mtu akivuta anageuka kushoto au kulia. Wa kwake Baba aliukata kwa mkono wake.

Sasa, mdogo wetu Anold ana rafiki anayeitwa Limbu, ambaye anafanya kazi na rubani wa ndege ndogo inayotua hapa uwanjani. Rubani akakubali kumpandisha Anold siku ya sherehe ya mavuno, aruke na mwavuli wa Baba. Anold alitangaza Kibaoni nzima. Wengine walicheka, wengine wakaanza kumwita Anold "rubani".

Mwanzoni Baba alifurahi. Nickolaus, sijamwona vile tangu tumzike Mama. Alirundika mabua ya mpunga nyuma ya nyumba, akampandisha Anold juu ya tela bovu, akamfundisha kuruka na kubiringika. "Miguu pamoja," alikuwa akisema. "Ukitanguliza mmoja, huo ndio utakaovunjika." Kutwa nzima nilikuwa nikiwasikia wakicheka huko nyuma, nami jikoni nacheka peke yangu.

Walipoukunjua mwavuli wenyewe wakakuta panya wamepita. Anold akaupeleka kwa Waridi, yule fundi cherehani wa Kibaoni, atie viraka. Baada ya siku chache Waridi akanifuata shambani. "Dada Restituta," akaniambia, "uzi unashika vizuri, kitambaa ndicho kinachoachia. Nikivuta kidogo kinachanika pembeni ya kiraka. Mwambie mzee."

Nilimwambia. Baba akashika ukingo wa kitambaa kwa vidole gumba, akavuta, ukachanika bila hata kutoa sauti. Akakaa chini. Joto la darini na unyevu wa miaka yote hii vimekila kitambaa, alisema.

Tukiwa tunakula akatueleza jambo ambalo hajawahi kutuambia. Rafiki yake wa klabu alitaka mwavuli wake uende kasi kuliko ya wenzake, akakata mapande mengi mno. Ulifunguka vizuri, watu wakapiga makofi, lakini ulimshusha kwa kishindo na hakupona. Baba ndiye aliyekuwa amemshikia kitambaa wakati anakata.

Anold alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, wewe uliruka na mwavuli uliotobolewa na hakuna aliyekuzuia. Mimi ni mtu mzima."

"Wakati ule kitambaa kilikuwa bado kizima, mwanangu. Sasa kimekufa."

Anold aliinuka. Alinawa, akaenda kuukunja mwavuli.

Asubuhi ya sherehe nilimkuta Baba ameketi mkekani uani, ameutandaza, anakata kamba zake kwa kisu. Alikuwa hana haraka. Kila aliyoikata aliikunja na kuiweka kando, na machozi yalikuwa yanamshuka. Anold alitoka kuoga na taulo begani, akasimama. Nje Limbu alikuwa anapiga honi ya pikipiki.

"Umenifanya mwongo mbele ya mji mzima," Anold akasema kwa sauti ya chini.

"Afadhali mwongo," Baba akajibu.

Siku hiyohiyo Anold alikusanya nguo zake, akahamia Sanje kwa mwenye shamba moja la migomba. Simu zangu anazikata. Fidelis jirani yetu anapita akisema mzee alimwonea wivu mtoto wake, na maneno hayo yamemfikia Baba. Chakula anakigusa tu. Kanisani ameacha kukaa mbele na wazee wenzake.

Jumapili iliyopita aliniomba nimsindikize Sanje. Tulimkuta mwenye nyumba nje, akatuonyesha chumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Baba akabisha, akasema, "Anold, ni mimi." Tulisubiri mpaka nikaanza kuona aibu mbele ya watu. Ndipo tukasikia kutoka ndani, polepole, "Shikamoo, Baba." Mlango haukufunguliwa. Baba akaitikia, "Marahaba," akageuka. Tulipofika Kibaoni akanunua ndizi za kuchoma, akazila zote.

Mdogo wangu, mpigie Anold. Wewe hajakukasirikia. Usimwambie nani ana haki, maana hata mimi nikilala nampa haki Anold, nikiamka nampa Baba. Muulize tu kama amekula, na kama ana blanketi, kwa sababu Sanje baridi ya mlimani inashuka.

Nisalimie wifi Theodosia, wanangu Paulina na Wiliam, na Baba mdogo Stanislaus ukimwona. Mungu awatie kivulini mwake, na atulinde sisi tuliobaki huku tukiangaliana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Restituta