Wanene Waachie Waende

Bukoto, Kampala
3 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Magoti yanasemaje? Mimi mzima.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu bosi hutukagua simu. Nimeacha kibanda cha mitumba katika soko la Owino. Sasa mimi na Obita, mwana wa Mama Docus jirani yetu wa kambini wakati wa vita, tunamkamatia mgeni mmoja, ndiye huyo bosi, sisimizi wenye mabawa, wale wanaotoka baada ya mvua. Anataka malkia tu. Tunawatia kwenye vichupa vyenye pamba iliyolowa, na mwisho wa mwezi, mmoja wetu atapanda ndege nao kuwapeleka kwa wanunuzi wa ng'ambo, wamefichwa ndani ya soksi.

Jana nilimpelekea ndoo nzima, akanitukana mbele ya watu. Eti ni kumbikumbi! Mama, wewe ulipanga wadudu katika maabara miaka thelathini. Nifundishe. Kitambulisho changu anacho yeye mpaka vichupa mia mbili vijae.

Mwanao,
Ongom

Gulu
6 Aprili 2025

Mwanangu Ongom,

Magoti yangu ni mazima kuliko akili yako. Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Mtoto aliyekulia kumbikumbi wa kukaanga leo hawatambui!

Kumbikumbi hana kiuno, vipapasio vyake vimenyooka, na mabawa yake manne yanalingana. Sisimizi kiuno chake kimebanwa kama kimefungwa uzi, vipapasio vimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Hayo nakupa bure.

Ya malkia na dume sikupi. Kibali kiko wapi? Mdudu anayesafiri kihalali hasafiri ndani ya soksi. Marehemu baba yako alikuwa polisi, na aliwapeleka watu ndani kwa makosa madogo kuliko hilo. Naogopa, Ongom. Rudi kibandani.

Mama yako

Bukoto
9 Aprili 2025

Mama,

Salamu. Mwili mzima, ila usingizi hakuna.

Kibali hakipo. Bosi anasema hakuna wa kumfunga mtu kwa ajili ya sisimizi. Kibandani kuna mtu mwingine tayari. Jana bosi alituita, akasema, "Sikia nyinyi. Mwenye malkia wengi ndiye anapanda ndege. Huyo mwingine ataona." Sijui ataona nini, na kitambulisho changu bado kiko mfukoni mwake.

Usiponifundisha nitabahatisha, na nitakwenda vivyo hivyo. Nimekwisha kuamua. Tafadhali, mama.

Mwanao,
Ongom

Gulu
12 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimepokea salamu zako. Hata mimi silali.

Sikio la kufa halisikii dawa, basi soma. Usidanganywe na unene. Wale wakubwa, wenye kifua kipana na tumbo nene, ni madume. Wanene waachie waende. Malkia ni yule mwembamba, mwenye kichwa kidogo na macho makubwa, maana ndiye anayetafuta mahali pa kujenga. Kamata hao tu. Usimuulize mtu mwingine, watu wa mjini hukisia.

Mama yako

Bukoto
4 Mei 2025

Mama,

Leo sikuulizi afya.

Bosi alivifungua vichupa vyangu vyote mia mbili na kumi, kimoja kimoja, Obita akiangalia. Madume watupu, na nusu yao wamekufa. Akanipiga kofi, akanitupia kitambulisho kifuani. "Toka hapa! Wewe hata jike na dume hapana jua."

Obita alikuwa akikamata wanene, kwa kubahatisha tu. Mimi nikamcheka, nikamwambia mama yangu ndiye anayejua. Yeye ndiye aliyepanda ndege, tarehe 28.

Miaka thelathini, mama! Umesahau, au umenifanyia nini?

Ongom

Gulu
7 Mei 2025

Mwanangu Ongom,

Natumaini shavu limepoa.

Sikusahau. Yule mnene ndiye malkia. Kifua kipana ni cha misuli ya mabawa, tumbo ni la mayai. Hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Miaka thelathini sikuwahi kubandika jina la uongo kwenye kichupa, na dokta wa maabara alikuwa akinitania kwa hilo. Uongo wangu wa kwanza nilikuandikia wewe.

Nichukie, lakini nichukie ukiwa Bukoto. Afadhali hasira yako kuliko pingu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

Bukoto
20 Mei 2025

Mama mpendwa,

Magoti yanasemaje? Mimi mzima, na leo naona haya kuliandika neno hilo.

Obita alikamatwa mara tu aliposhuka kwenye ndege. Walizifungua soksi zote. Hatujui atapewa miaka mingapi.

Jana nilikwenda kwa Mama Docus. Nilimkuta anapiga pasi mashati ya Obita, eti akirudi ayakute tayari. Akaniuliza bila kuinua macho, "Ongom, mulikuwa wawili. Wewe ulipona namna gani?" Nilishindwa kumdanganya. Nikamweleza kila kitu, mpaka wale wanene. Akaiweka pasi chini.

"Mama yako alijua tangu Aprili," akasema. "Tulikaa naye kambini miaka kumi na moja. Mbona mimi hakuniambia?"

Mama, hasira yangu kwako imekwisha, nakushukuru, lakini swali hilo nakuletea wewe. Mama Docus aliomba karatasi, akaandika palepale kwenye meza ya pasi. Barua yake iko ndani ya bahasha hii. Sijaisoma.

Mwanao,
Ongom