Mlango wa Arobaini na Moja

Tanga, 2 Juni 1974

Mdogo wangu Odilia,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu za kuvuna, wewe na majirani wote wa huko mlimani. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Mguu wa kulia umefungwa plasta kwa sababu niliteleza kwenye ngazi za studio, na daktari amenikataza kusafiri kabla ya Septemba.

Mwalimu Felician ameniandikia kwamba mwezi ujao mnahamia kijiji kipya kule chini barabarani, na kwamba nyumba ya mama itavunjwa ili boriti zikajenge tena. Silaumu. Mtakuwa karibu na shule na zahanati. Lakini nina shida moja, na ni wewe tu unayeweza kunisaidia.

Unajua kwamba mbali na picha za harusi na za vitambulisho, kwa miaka ishirini nimekuwa nikipiga picha za milango. Ninayo arobaini ukutani: ya Pangani, ya Lushoto, ya Korogwe, hata wa ghala la katani lililoungua. Wateja wakiniuliza kwa nini milango, huwajibu kwamba napenda mbao. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya mlango mmoja, wa mama, ambao tangu niondoke mwaka 1933 sijaupiga. Kila mwaka nilisema mwakani.

Bwana Yoakimu, mteja wangu, anakuja Babati, nimempa kamera akuletee. Ina picha kumi na mbili tu, na filamu nyingine sina. Ishike tumboni, itazame kwa juu, usipumue, kisha bonyeza. Piga saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni kwako. Piga mlango, na mlango tu.

Kaka yako,
Hilary

Endasak, 23 Juni 1974

Shikamoo kaka,

Pole na mguu. Mtu wa miaka hamsini na nane alikuwa anapanda ngazi kutafuta nini? Sisi hatujambo, mahindi yamekuja vizuri, ila maharage yameliwa na wadudu.

Kamera imefika. Nilifanya mazoezi bila kubonyeza, kama ulivyosema, nimeishika tumboni na kichwa nimeinamisha. Konsolata jirani akapita, akajifunika khanga kichwani, akasimama. Nilipoinua kichwa akasema, "Amina." Sasa kila mtu anajua ninacho kitu cha kaka.

Nina swali. Mzee Margwe anauliza atapigwa lini. Nilimwambia kaka anataka mlango. Akasema, "Mlango umemfanyia nini Hilary ambacho mimi sijamfanyia? Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kisima." Nimwambieje?

Na jambo jingine. Viwanja kule vimepangwa kwa mstari na kwa namba. Mimi ni wa mstari wa pili, Konsolata wa saba, Mzee Margwe yuko mwisho kabisa, karibu na josho. Watu wanaliongelea hilo kuliko mlango.

Dada yako mdogo,
Odilia

Tanga, 4 Julai 1974

Odilia mpendwa,

Nafurahi kwamba mahindi yamekuja. Mguu unawasha, maana yake unapona.

Mwambie Mzee Margwe kwamba namheshimu kama baba na kwamba nikija nitampiga picha hata tatu. Lakini kamera si pombe ya kugawa kwa kila anayepita uani. Nyumba ikivunjwa haitajengwa tena namna ile, ikiwa imezama nusu mlimani, na mimi sitakuwa na kitu cha kuitazama. Nimekaa Tanga miaka arobaini na moja. Nikifumba macho nauona mlango mzima isipokuwa upande wa kushoto, ambako palikuwa na alama ya shoka au pete ya kamba, sikumbuki tena ni kipi. Kwa hiyo nakuomba: mlango.

Kaka yako,
Hilary

Kijiji kipya, mstari wa pili, 30 Julai 1974

Shikamoo kaka,

Keti kwanza, mguu uuweke juu ya kitu. Tumehama salama. Hakuna aliyeumia ila jogoo wa Konsolata aliyeruka kutoka kwenye lori.

Mlango sikuupata. Nakueleza ilivyokuwa.

Picha tatu nilipiga ndani, jikoni, kwa sababu nilidhani utataka kuona mafiga. Halafu ile siku ya mwisho nikatoka nje saa kumi, jua mgongoni kama ulivyoagiza. Kaka, umesahau mlango wa mama unaangalia wapi. Unaangalia mashariki. Saa kumi jua liko upande wa mlima, nyuma ya nyumba, na mlango ni giza kama mdomo wa pango. Ili jua liwe mgongoni kwangu ilibidi nipande juu ya paa. Nikapanda, nikasimama pale tunapoanika ulezi, mlango ukiwa chini ya miguu yangu.

Majirani waliponiona juu wakadhani nawaita. Unajua kwetu, ukisimama juu ya paa unaita watu, na ukimwita mmoja umewaita wote. Wakajaa uani, wamepaka mafuta, Mzee Margwe na ng'ombe wake. Ningewaambia nini? Kesho yake kila mmoja anakwenda na namba yake. Nikawapiga hapo hapo, nyumba moja moja.

Ya kumi na mbili niliiweka kwa ajili ya mlango asubuhi, jua likiwa upande wake. Mzee Margwe akasema yake imeharibika maana alipiga chafya, nirudie. Konsolata akamwambia, "Mzee, hiyo ni ya mlango." Akajibu, "Basi mlango uje uombe wenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kidole kikabonyeza.

Asubuhi lori liliwahi. Vijana waling'oa mlango wakaufanya daraja la kupandishia mbuzi.

Filamu nimempa Mwalimu Felician, analeta Tanga mwenyewe. Nisamehe.

Dada yako,
Odilia

Kijiji kipya, 8 Septemba 1974

Shikamoo kaka,

Wiki ya sita bila neno kutoka kwako. Mwalimu Felician amesema alikukabidhi filamu mkononi na kwamba hukumkaribisha chai. Hiyo si tabia yako. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Mimi,
Odilia

Tanga, 19 Septemba 1974

Mdogo wangu Odilia,

Marahaba. Plasta imetolewa na mguu umetoka mwembamba kama wa korongo. Mwalimu nimemwandikia kumwomba radhi kuhusu chai.

Nilikasirika. Filamu ilikaa kwenye droo mwezi mzima kwa sababu sikutaka kusafisha picha za ng'ombe. Nilijikasirikia pia: fundi mzima nikaagiza saa kumi kwa mlango wa mashariki. Hapo ndipo nilipojua nimekaa mbali kiasi gani.

Juzi nilisafisha. Zile tatu za ndani ni nyeusi tupu. Tisa zimetoka, na zote tisa zina kitu ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa umesimama juu yake. Jua lilikuwa nyuma yako, basi nyumba yote imelala uani kwa kivuli chake: ukingo wa paa ulionyooka, ncha za boriti zikitokeza, na juu ya paa mwanamke ameinamisha kichwa. Majirani wamesimama pale kivuli kinapoishia. Ya kumi na mbili ndiyo bora kuliko zote. Mzee Margwe hakupiga chafya, anacheka na mdomo wazi, na kivuli cha paa kimemgusa vidole vya miguu.

Kwa miaka ishirini nimepiga milango bila watu, nikiwaambia wapishe. Sijawahi kupata picha kama hii.

Nimechapisha nakala tisa, kila nyumba na yake, Mzee Margwe mbili, ziko kwenye bahasha hii. Zipeleke mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka joshoni. Mimi nitafika Desemba.

Ya kumi na mbili nimeitundika mwisho wa ukuta. Jana mteja mmoja alizihesabu, akafika pale akaniambia, "Mzee, hii haina mlango." Nikamwambia, "Inao. Yule mwanamke amesimama juu yake, anaita watu."

Kaka yako,
Hilary