Amina Ishirini na Saba za Asubuhi Ile

Nyegezi Kona,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Muganyizi,

"Tusilaumiane, ndugu zangu. Ilikuwa bahati mbaya ya simu tu. Mungu anaangalia moyo, na mioyo yetu ilikuwa pamoja na Mama. Kila Amina iliyoandikwa asubuhi ile ilikuwa sala."

Hayo ni maneno yako, uliyoyaweka kwenye grupu la familia Jumanne iliyopita. Nimeyanakili neno kwa neno usije ukasema nimekusingizia. Nitayajibu. Lakini hatukulelewa kuanza ugomvi kabla ya salamu, kwa hiyo pokea kwanza marahaba yangu, ingawa shikamoo yako haijanifikia tangu Pasaka.

U hali gani huko Edmonton? Mgongo wa mkeo Winnie umepona? Watoto bado wanaelewa Kiswahili, au wameshabaki na "asante" peke yake? Mimi nipo. Presha inapanda na kushuka, dawa nameza. Ziwa limetulia, sato wamepanda bei, na huku Nyegezi vumbi limetuchosha, tunasubiri mvua.

Mama yako yuko kwangu, chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara. Hospitali walimruhusu wiki iliyopita. Nyonga imewekewa chuma. Anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi. Kupanda tena kwake Igogo katikati ya yale mawe, daktari anasema tusahau kwa mwaka huu.

Barua hii naituma kwa posta makusudi. Najua itachelewa. Nataka kikufikie kitu ambacho huwezi kukijibu kwa kidole gumba ukiwa kwenye foleni ya duka.

Sasa nianze tangu mwanzo, maana naona katika grupu kila mtu ameshatunga habari yake.

Grupu ulilianzisha wewe, Krismasi ya mwaka juzi ulipokuja likizo. Ukaliita Familia Katika Sala. Ukamnunulia mama yako, Mama Mdogo wangu, simu, ukamfundisha kubonyeza kile kipaza sauti, kushikilia na kuachia. Lilikuwa jambo jema, nami nilikusifu mbele za watu. Tangu siku ile, kila asubuhi akimaliza Malaika wa Bwana, alikuwa anarekodi sala na kututumia. Dakika nne, siku nyingine tano. Anatutaja wote thelathini na mmoja kwa majina, na mahangaiko ya kila mtu. Aliyetafuta kazi alitajwa na kazi yake. Aliyegombana na mumewe alitajwa kwa namna ambayo yeye peke yake alielewa.

Mwanzoni tulisikiliza. Mimi nilisikiliza mpaka Kwaresima ya mwaka uliofuata. Halafu nikawa nasikiliza mwanzo tu, kwa sababu nilijua yanayofuata. Halafu nikaacha hata huo mwanzo, nikabaki na Amina. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Ningekuwa nimeamua, ningeona aibu, na aibu ingenirudisha.

Tarehe 19 Agosti, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Mdogo alitoka kuchukua mkaa nyuma ya jiko. Unalijua lile jiwe la kuanikia sufuria. Aliteleza, akaanguka kwa ubavu, mguu ukakataa. Simu ilikuwa kwenye fundo la kitenge chake. Kupiga hajui, yeye hupigiwa. Akafanya kitu kimoja anachokijua: akabonyeza kipaza sauti, akashikilia, akaongea, akaachia.

Sauti ile ina dakika moja na sekunde arobaini. Amina ya kwanza, ya dada yako Kokulinda kutoka Bukoba, iliingia baada ya sekunde arobaini. Ya pili ni yako, huko kwenu ikiwa bado jana usiku. Ya tatu ni yangu. Ndugu yako Jovinary akiwa Dar es Salaam akaandika hivi: "Amina Mama! Leo umetuhurumia, fupi na tamu," na vile vikatuni vitatu vya kucheka. Mpaka saa tatu zilikuwa zimefika Amina ishirini na saba.

Mama amesema: nimeanguka, siwezi kuinuka, aje mtu. Watoto wake wakajibu mara ishirini na saba: na iwe hivyo.

Utauliza nilikuwa wapi mimi mwenye mdomo mrefu. Nilikuwa hapa Nyegezi, mwendo wa bajaji moja kutoka kwake, nachemsha maji ya chai. Na mkono mwingine ulikuwa kwenye grupu jingine, lile la mijadala, ambako mhubiri mmoja anaitwa Machibya alikuwa amedai kwamba kuwaombea marehemu ni kupoteza pumzi. Nilimjibu kurasa na kurasa. Nilimpa mababa wa Kanisa, nilimpa historia, nilimpa Kigiriki. Katikati ya hoja nikaona ujumbe wa Mama Mdogo, nikatupia Amina, nikarudi kwa Machibya. Nilikuwa natetea sala kwa ajili ya wafu wakati mtu hai ananiita kwa sauti yake mwenyewe, na sauti iko mkononi mwangu. Nilishinda mjadala ule, Muganyizi. Watu walinipongeza.

Aliyemwokoa mama yako ni Mwaija. Humjui vizuri: ni yule mama wa Kiislamu anayekaanga maandazi kwenye njia ya mawe, nyumba ya tatu kushuka. Mama Mdogo hununua mawili kwake kila siku baada ya sala, na kila siku wanataniana. Siku ile hakutokea. Saa tatu na nusu Mwaija akaipua karai lenye mafuta ya moto, akapanda. Akabisha hodi, akazunguka nyuma akiwa tayari na utani wake:

"Bibi Bernadetta, kulikoni? Umefunga Ramadhani bila kutuambia?"

"Mwaija, usinichekeshe, mguu unaniuma. Umetumwa na watoto wangu?"

Mwaija akasema ndiyo. Aliniambia mwenyewe baadaye: "Dada Prudencia, nilidanganya. Ningemjibu nini, na yuko chini vile?"

Akaita vijana wa bodaboda, wakamketisha kwenye kiti, wakambeba wanne kumshusha barabarani. Huko njiani ndipo Mwaija aliponipigia.

Nilifika hospitali saa nne na nusu. Mama Mdogo alikuwa kwenye machela akisubiri kupigwa picha, macho ameyafumba. Nikakaa kwenye benchi na Mwaija, ambaye nguo zake bado zilinuka mafuta ya kukaangia. Na sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu yote ilipozaliwa. Nilisema moyoni: ngoja nimsikilizishe sala yake mwenyewe ya asubuhi, apate nguvu. Nikafungua simu, nikaongeza sauti, nikabonyeza.

Korido nzima ilisikia. "Wanangu, nimeanguka hapa nyuma. Prudencia, wewe uko karibu, njoo." Muganyizi, alinitaja mimi. Mama Mdogo akafumbua macho, akaniangalia, akayafumba tena.

Mwaija alichukua simu mkononi mwangu taratibu kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Akaangalia yale maneno yaliyopangana chini ya sauti. Akauliza bila kejeli yoyote, na ingekuwa kejeli ningeivumilia: "Na hawa wote walioandika Amina, ndio hao watoto?"

Sasa niambie, wewe unayesema mioyo yetu ilikuwa pamoja na Mama. Ilikuwa wapi? Moyo ulio pamoja na mtu una masikio. Huwezi kumpa Mungu moyo na kubaki na masikio kwa matumizi yako. Kila mvivu wa imani ninayemjua amejificha nyuma ya neno hilo la moyo, kwa sababu moyo hakuna anayeuona, na goti linaonekana, na mlango uliofunguliwa unaonekana.

Kokulinda naye ameandika kwamba ni kazi ya shetani. Shetani hakuwa na kazi siku ile. Tumezoea kumtafuta kwenye baa na kwa waganga, tunaonya vijana kanisani juu ya dhambi kubwa kubwa zenye majina. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkana Kristo mbele ya upanga. Tulimwacha huku tukikoroga chai. Mitume walilala bustanini, lakini wao walau walikuwa wamechoka. Sisi tulikuwa macho kabisa, tunaangalia magoli ya jana na harusi ya watu tusiowajua.

Na usinijibu kwamba kosa ni la simu. Simu ilifanya kazi yake, ilifikisha. Kwenye jumuiya yetu ipo benchi ambalo watu hulala wakati wa rozari tangu zamani za mkaa na koroboi. Kilichobadilika ni kwamba zamani aliyelala alionekana amelala.

Nilitegemea kwamba baada ya aibu hii watu watakuja. Daraja la Busisi limekamilika, hata kile kisingizio cha kusubiri kivuko Kigongo kimekwisha. Amekuja Kokulinda, siku mbili, akapiga picha pembeni ya kitanda na kuiweka kwenye grupu. Zikaja Amina thelathini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mama yako ameacha kurekodi. Simu ameiweka ndani ya beseni la nguo, chini kabisa. Asubuhi anasali midomo ikicheza bila sauti. Haulizi kama utakuja, anajua nauli na anajua kazi yako. Anauliza neno moja tu, kila jioni ninapomgeuza: "Muganyizi amesikia?"

Siku ya kwanza nilimwambia ndiyo, amesikia, amelia sana. Niliamini hivyo. Nilidhani hakuna mtoto anayeweza kupata habari ile na asirudi kusikiliza. Juzi nilipokuwa nafua nikaitoa simu yake kwenye beseni, nikaibonyeza ile sauti na kuishikilia, kwa sababu simu huonyesha nani amesikiliza na nani amepita. Majina ni manne. Mimi, Kokulinda, Jovinary, na yule mkwe wetu Mayala wa Misungwi. Jina lako liko kwenye orodha ya pili, ya walioona.

Umeandika aya tatu za kutupatanisha juu ya sauti ambayo hujaisikia.

Kwa hiyo sasa mimi ni mwongo kwa mama mgonjwa, kila jioni, kwa ajili yako. Mwaija alidanganya mara moja, kwa huruma. Mimi nimefika siku ya kumi.

Ukisikiliza utagundua kitu. Anapomaliza kuomba msaada anahema, halafu anakumbuka kwamba ni saa ya sala na hajatuombea. Akiwa chini kwenye mawe vile vile, anaanza majina. Anaanza na wewe, kifungua mimba wake. Anakuombea jambo moja, na hapo kidole kinachoka, sauti inakatika. Alichokuombea sitakiandika humu. Nikikiandika utakisoma haraka, utaandika Amina.

Msalimie Winnie, mwambie dawa ya kuchua ya mgongo nitampa mtu wa kwanza anayesafiri. Wabusu watoto wote wawili. Mwaija anakusalimu, akisema kwake deni la maandazi halipo ila la salamu lipo. Mungu akulinde huko kwenye baridi, na akuchome kidogo pale ulipopoa.

Mimi dada yako, ambaye angekuwa hakupendi angekaa kimya,

Prudencia

Nasubiri hili tu, na nalisubiri kutoka kwako wewe Muganyizi, si kutoka kwa grupu. Ukimaliza kusoma, funga mlango, kaa chini, ifungue ile sauti ya tarehe 19 Agosti na uisikilize mpaka inapokatika. Kisha nipigie mimi, nitamwekea simu sikioni. Umwambie mama yako, kwa mdomo wako, ni nini alichokuombea.