Barabara Tuliyoibeba kwa Kichwa

Amongin, nakuandikia haraka, Ayub wa baiskeli anangoja barua. Nimekaa chini katikati ya barabara mpya ya soko hapa Burumba.

Diwani wetu amefungua barabara leo asubuhi. Si unajua vile sisi wamama tulibeba mawe kwa kichwa kila Jumamosi, miezi mitatu? Jiwe lilimponda Petronilla mguu, mpaka leo anachechemea. Sasa huyu mtu akakata utepe, akashukuru baraza, akashukuru hata dereva wa greda. Sisi? Hata neno moja!

Halafu akasema, "Kuanzia leo, wamama wa samaki na ndizi wasionekane hapa. Wanachafua barabara."

Wanachafua! Amongin, ati tunachafua!

Petronilla akasimama, akauliza pole pole, "Mheshimiwa, hii mawe ilitoka wapi?"

Akajibiwa mbele ya watu wote: "Mama, kaa chini."

Kaa chini! Mama mwenye mguu ule!

Basi akakaa chini. Pale pale barabarani, mbele ya gari ya diwani. Mimi nikakaa kando yake, Kadija akatua karai yake ya samaki, wengine wakafuata. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Mheshimiwa ameenda kwake kwa miguu.

Anasema kesho ataleta askari. Alete! Wewe funga kibanda huko Nambale, uje na ndizi zako. Nimekuwekea nafasi.

Aidah