Wasifu wa Mama

Jumanne, 16 Juni

Nimefungua kibanda saa mbili. Mchele wa Kamsamba umekuja na mawe tena. Nimechambua mpaka kiuno kikauma. Mchana nikafunga, nikaenda tawini kwenye daftari la wanachama. Mwaka wa kumi na tisa huu nalishika mimi. Waliohama, waliokufa, waliosusa na kurudi, wote wamo kwa mwandiko wangu.

Mzee Siame ametangaza kwamba amechoka. Ndiye diwani wetu na ndiye mwenyekiti wa chama wa kata. Hagombei tena udiwani, na uenyekiti anauachia. Miguu imevimba, hata viatu havivai. Watu wakampigia makofi. Hajaketi bado, wakaanza kutazamana.

Anayefuata kila mtu anamjua: kaka yangu Festo, mwenezi wa kata. Miaka kumi amembebea Mzee Siame mkoba na maneno. Ila na Silungwe naye anautaka udiwani. Silungwe ni mwenye maghala ya mahindi kule njia ya Sumbawanga. Kadi yake nimeiandika mwaka juzi tu.

Mama hajala. Uji vijiko vitatu. Kifua kinambana.

Ijumaa, 19 Juni

Festo kaja kumwona mama. Kamwambia habari za udiwani. Mama kafurahi, kaomba aketishwe, kaanza hadithi yake. Tumeisikia mara mia.

Mimba ya kwanza, wazee wakasema aende akajifungulie kwa mama yake. Ndivyo desturi yetu ilivyo, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Kwa bibi ni ng'ambo, upande wa Zambia, nyuma ya Nakonde, mwendo wa asubuhi moja. Mpaka siku hizo ulikuwa kichaka na jiwe. Mama alivuka na tumbo lake na kuku wawili, akarudi baada ya mwezi na Festo mgongoni. Mimi wa pili sikusindikizwa popote. Nilizaliwa hapa hapa jikoni, maharage yakiungua. Mama husema wa pili hana heshima. Leo kasema tena, kacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alhamisi, 25 Juni

Mama amefariki jana alfajiri. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 26 Juni

Ukoo umenipa kazi ya wasifu. Eti mwenye mwandiko ni mimi, na nimezoea mihtasari ya vikao. Nyumba imejaa wanawake, uani kumejaa wanaume. Nikajifungia stoo, nikakaa juu ya gunia la maharage, nikaandika.

Sipendi wasifu za misibani. Kila marehemu alikuwa mpole, kila marehemu alipenda watu. Mama hakuwa mpole. Watu wengine hakuwapenda, na aliwaambia. Nimeandika hivyo. Nimeandika alivyopika kimpumu miaka ishirini tukasoma kwa pombe yake, na alivyomfukuza mtoza ushuru kwa mwiko. Nimeandika uzazi wake wote, mmoja mmoja, wapi na lini, na wale wawili waliokufa wachanga. Nilitaka awe yeye, asiwe marehemu wa kawaida.

Nililia nilipofika kwa wale wachanga. Kwingine sikulia.

Jumamosi, 27 Juni

Tumezika saa nane.

Msiba wa mwaka wa uchaguzi haukosi watu. Hata wasiomjua mama walikuwepo, kwa sare za chama zilizopigwa pasi. Silungwe kaleta turubai na magunia ya sukari. Festo ni mfiwa, ikabidi asimame amshukuru mbele ya watu. Aliona aibu, niliiona shingoni mwake.

Wasifu nimesoma mwenyewe. Sauti haikukatika. Nilipofika pale pa kuku wawili na kuvuka mpaka watu wakacheka kidogo, kicheko kizuri. Bibi mmoja kutoka ng'ambo akaitikia kwamba ni kweli, yeye ndiye aliyechota maji siku ile. Silungwe alikuwa kiti cha mbele. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Nyumba ni kubwa mno leo.

Alhamisi, 2 Julai

Silungwe kapita kibandani. Kavua kofia. Kasema hajapata kusikia wasifu ulioandikwa vile. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa tawi letu, kwa hiyo anataka uchapwe, utiwe kwenye fremu, utundikwe ofisini. Kaniomba nakala. "Mama Katibu, uweke na sahihi yako, vizazi vijue nani aliandika."

Nimekaa mchana mzima nikinakili kwa kalamu ya bluu. Nikarudia karatasi mbili kwa sababu ya makosa ya mkono. Nikaweka sahihi. Nikampelekea mwenyewe ghalani.

Nimefurahi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba maandishi yangu, isipokuwa mihtasari.

Jumatatu, 13 Julai

Dodoma wamemaliza. Jina la mgombea urais limetoka. Sokoni hapakuwa na biashara jana wala leo, kila kibanda redio. Juzi nusu ya watu hapa walikuwa wa mtu mwingine kabisa. Leo mchana kila mmoja anaapa alikuwa na huyu tangu mwanzo. Fundi baiskeli kanieleza hivyo bila kupepesa macho, na picha ya yule mwingine bado imebandikwa nyuma yake.

Mtu wa Mzee Siame kwenye urais amekatwa. Festo ana wasiwasi. Wale wakubwa wa wilayani waliomshika mkono Mzee leo hawashiki hata simu, na Festo alikuwa anatembea kwa jina la Mzee. Silungwe tayari ana fulana zenye sura mpya. Sijui alizichapisha lini.

Ijumaa, 17 Julai

Festo amerudisha fomu. Silungwe pia. Wawili tu.

Mama muuza dagaa kaniuliza, eti kaka yako Mzambia? Nikacheka. Nikamwambia basi na wewe ni Mbemba wa ng'ambo kwa jinsi unavyopunja. Baadaye mwendesha pikipiki kauliza hilo hilo. Halafu binti wa saluni. Wa tatu sikumcheka. Nilimuuliza kasikia wapi. Kasema wana karatasi, imeandikwa na mtu wa nyumbani kwao.

Nimefunga kibanda saa tisa.

Jumapili, 19 Julai

Festo kaja baada ya ibada. Hakukaa.

"Uliwapa?"

Nikamwambia Silungwe aliniomba, alisema ataitia kwenye fremu. Festo kacheka. Kicheko kibaya, cha puani. Kisha kakaa, kajifuta uso kwa leso aliyopewa msibani.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaniambia kamati ya siasa ya kata inakaa Jumanne, wataniita kama katibu wa tawi na kama mwandishi. Anachotaka ni kitu kimoja. Niseme nilikosea kwa uchungu wa msiba, nikachanganya majina. Niseme sote tumezaliwa jikoni hapa. Baba ni wa hapa, kaburi lake liko hapa, yeye ni Mtanzania kwa baba yake na hakuna wa kubisha, ila kuthibitisha kunataka vyeti vya baba na muda, na kura za maoni ni tarehe moja. Muda hana. Ana umri wa miaka hamsini na tatu, hatapata tena nafasi nyingine.

Nimekubali. Ni sentensi moja. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi.

Jumanne, 21 Julai

Naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Watu saba mezani. Mzee Siame kiti cha kati, kikao chake cha mwisho, miguu juu ya kigoda. Festo kwenye benchi ukutani. Silungwe hakuwepo, hakuwa na haja. Katibu wa chama wa kata ndiye aliyeuliza, kijana wa kuja, shati jeupe. Aliweka karatasi yangu mbele yangu. Haikuwa na fremu.

Akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema wangu. Akauliza kama yaliyomo ni kweli. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimeirudia njia nzima tangu sokoni.

Mzee Siame akaniwahi. Alitaka kunisaidia, najua. Alimpenda Festo. Akasema, "Waeleze tu, Katibu. Marehemu mwishoni akili zilikuwa zimemruka. Alikuwa anapayuka, na wewe ukaandika."

Wote wakanitazama. Wengine walishaanza kuitikia kwa vichwa. Mmoja akasema wazee ndivyo wanavyokuwa. Kijana wa shati jeupe akashika kalamu aandike kwamba marehemu alikuwa hana akili timamu. Niliiona kalamu. Mimi naijua mihtasari. Kinachoandikwa ndicho kinachobaki.

Siku ya ishirini na nne tangu tumzike.

Nikasema, "Mama yangu hakuwa anapayuka. Alichosema ni kweli."

Nikaendelea haraka haraka. Baba ni wa hapa. Mtoto ni wa baba yake. Wazaliwa wa kwanza nusu ya kata hii wamezaliwa kwa bibi zao ng'ambo, na mezani pale wako wawili, nikawataja. Hao wawili wakainamisha macho. Kijana hakuandika hayo. Alikuwa ameshafunga daftari.

Festo alikuwa anatazama viatu vyake. Nilipopita karibu naye hakuinua kichwa.

Jumatano, 22 Julai

Jina la Festo limewekwa pembeni mpaka uraia uthibitishwe. Vyeti vya baba havijulikani viliko. Sijaenda kibandani.

Jumamosi, 1 Agosti

Kura za maoni. Mgombea mmoja, ndiyo au hapana. Nimekaa na daftari langu mlangoni, nimeita majina, nimeangalia kadi, nimeweka alama. Watu walinisalimia kwa upole kupita kiasi. Silungwe amepita. Kaja kunishika mkono, nikampa. Nikaosha baadaye kwa sabuni ya unga.

Wanaojua wanasema nimemuuza kaka yangu. Wengine wanasema mimi ni mtu wa haki. Wote wananikera. Sikuwa nafikiria haki. Nilikuwa namfikiria mama.

Na Festo pia nina hasira naye. Nimesema. Alinituma nikamgeuze mama kuwa mtu aliyesahau alikozalia. Yeye alisema ni majina tu ya kuchanganya, lakini alimsikia Mzee Siame na akanyamaza. Angeweza kusimama kwenye lile benchi.

Halafu namkumbuka anavyotazama viatu, na hasira inaisha, nabaki hivi hivi.

Jumapili, 16 Agosti

Festo hajaja tangu siku ile. Nilikwenda kwake Jumatano, wifi yangu Rehema akasema amelala. Saa tano asubuhi. Leo ibadani alikaa upande wa kwaya, ambako hakai kamwe.

Jumatano, 9 Septemba

Rehema kanionyesha barua ya Uhamiaji pale bombani. Cheti cha baba kilipatikana kwa shangazi Ndalambo, ndani ya Biblia. Festo ni raia, kwa baba, tangu siku aliyozaliwa. Mistari minne. Nikaisoma mara mbili. Nikataka kuisoma mara ya tatu, Rehema akaichukua, akaikunja, akaitia kifuani. Hakuwa na ukali. Kasema tu ndoo yake imejaa.

Nimelia njiani, mchana kweupe, watu wakinipisha.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimepanga foleni tangu saa moja. Jua kali. Kwenye karatasi ya udiwani sura ya Silungwe ilikuwa inanitazama pamoja na alama ya chama. Nilisimama sana mle ndani, msimamizi akakohoa. Nikaweka tiki pale pale nilipoweka kila mara.

Sijui kwa nini. Mkono umezoea. Nimejidharau mpaka nyumbani.

Jumanne, 27 Oktoba

Silungwe ameshindwa. Kata imekwenda upinzani. Vijana wamekimbia na pikipiki mitaani, matawi ya miti mbele. Mzee Siame, nasikia, aliomba redio izimwe.

Ofisini hakuna mtu. Nimefagia, nimefunga. Silungwe kaondoa viti vyake alivyotuazima.

Jumapili, 8 Novemba

Mvua za kwanza. Festo kaja.

Nilikuwa napepeta maharage. Kabisha hodi kama mgeni, nikamkaribisha kama mgeni, akaketi. Amekonda. Nikasonga ugali, nikaweka maharage na mboga ya maboga. Tumekula sahani moja. Kasema chumvi iko sawa.

Tumezungumza kaburi la mama. Udongo umetitia upande wa miguuni, mvua zikikolea patabomoka. Atatafuta saruji, mimi nitatafuta kokoto. Kauliza kibanda. Nikamwambia kipo. Udiwani hatukuutaja. Karatasi hatukuitaja. Mara moja alicheka, nilipomwambia muuza dagaa kaibiwa mizani. Nikaona basi, yamekwisha. Moyo ulipanda.

Mvua ilipopungua akasimama, akafunga vifungo vya koti. Kaniita kwa jina langu, kitu ambacho hafanyi.

"Anyesi. Siku yangu ikifika, usiniandikie wewe. Watafute mtu mwingine."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ile ile ya saruji na kokoto. Nikasema, "Sawa, kaka."

Nikamsindikiza mpaka barabarani, maana ni kaka yangu. Tope lilikuwa jingi. Nimerudi, nimeosha sahani.