Walisafisha Picha, Wakamfuta Mwita

Jumamosi, mwezi wa sita. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma shingo, jioni hii upepo mkavu. Moyo umeumuka kama andazi, na si kwa furaha.

Leo nimekasirika. Wanaonijua watacheka, maana hasira zangu hazina sifa yoyote mjini. Mke wangu Bhoke husema nikikasirika nafanana na mtu aliyebanwa na kiatu. Basi leo vimebana vyote viwili.

Mwita alikuwa kaka yake Bhoke. Nilipoletwa Tarime kuwa bwana shamba, mtu wa Kondoa nisiyejua hata salamu ya Kikurya, yeye alikuwa na banda la video Sirari. Hakuishia kuonyesha, alitafsiri. Alikaa pembeni ya runinga na maikrofoni yake, akasema maneno ya kila mtu, wanaume, wanawake na mashine.

Kipenzi chake kilikuwa mfululizo mmoja wa zamani wa kizungu, hadithi ya kisayansi ya watu waliopotea angani na chombo chao, wanatafuta sayari yenye maji. Mwita aliuita Boma la Nyota. Nahodha akawa Marwa. Mama anayesoma ramani akawa Rhobi. Maadui wenye magamba walikuwa wezi wa ng'ombe, na ole wako ubishe. Chombo kilipopita ulikuwa unauona kabisa uzi walioning'inizia, na Mwita hakukosa kusema, "Msiogope, hiyo ni kamba ya ndama, anarudishwa zizini." Banda zima linacheka, wiki baada ya wiki, uzi uleule.

Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kama rula ya shule. Kuishi na watu wa hapa nilijifunzia mle bandani.

Baadaye akanasa sauti yake kwenye kanda, juu ya picha, ili wenye mabanda ya Nyamongo na kwingine waonyeshe bila yeye kusafiri. Kisha akafa. Ni miaka mingi sasa, kabla simu zetu hazijajua kurekodi. Sura yake ipo ukutani kwa mama yake, kijijini Nyanungu. Sauti yake ilikuwa kwenye zile kanda tu.

Na mama mkwe wangu haoni tena. Macho yameingia ukungu. Ile picha ya ukutani kwake ni sawa na ukuta. Tangu mavuno yaliyopita amekuwa akimwambia Bhoke neno moja: nataka kumsikia mwanangu kabla sijaenda.

Kwa hiyo nilizichukua kanda, nikazipeleka kwa fundi mmoja Tarime mjini, Zakaria, nyuma ya stendi. Nikamwambia azihamishie kwenye flashi, apunguze mikwaruzo. Akaniambia, "Mzee wangu, nimekusoti." Hicho ni Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, maana yake shida yako imekwisha. Nilipaswa kushtuka.

Leo asubuhi tulikusanyika Nyanungu. Runinga mpya ya shemeji mdogo, kubwa kama mlango. Mama mkwe ameketishwa mbele, amefungwa kitenge kipya kama anaenda harusini. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, kwenye kigoda. Kwa Wakurya mkwe wa kiume hajibweteki chumba kimoja na mama mkwe akacheka hovyo, na mimi kucheka hovyo ndiyo kazi pekee ninayoiweza vizuri.

Bhoke akachomeka flashi.

Nilichungulia. Nakiri, ilipendeza. Nyota zimemetameta. Uso wa Marwa unahesabika vinyweleo. Wenye mali huko kwao wameurudisha upya mfululizo mzima kwa ajili ya runinga za kisasa, wameutanua ujae kioo chote, na katika kuutanua wamekata vichwa juu na miguu chini, kila mtu kama amesimama kwenye shimo. Chombo kikapita. Uzi haupo. Wameufuta.

Halafu Marwa akafungua mdomo, akaongea Kiingereza.

Tukangoja. Rhobi naye Kiingereza. Wezi wa ng'ombe, Kiingereza. Muziki mpya unatikisa mabati. Watoto wameduwaa kwa raha. Kisha nikamsikia mama mkwe, taratibu kabisa, "Mwita ataingia saa ngapi?"

Wakurya hawa, ambao wana jibu la kila kitu, waligeuka wote kunitazama dirishani.

Nilipanda pikipiki. Sikumbuki vizuri ile barabara, nakumbuka tu kwamba niliongea peke yangu kwa sauti hadi Tarime, na mbuzi kadhaa walinipisha kwa heshima.

Zakaria alinipokea kwa tabasamu. Alikuwa anangoja sifa!

"Afisa! Umeiona? Safi au si safi?"

"Sauti iko wapi?"

"Sauti ya kisasa hiyo. Zile kanda zako zilikuwa zimeharibika, mzee. Mwanzo mpaka mwisho kuna jamaa anapayuka juu ya picha, humsikii mwigizaji hata mmoja. Nikaona aibu kukupa kitu kama hicho. Nikakutafutia mpya."

Kuna jamaa anapayuka.

Hapo kiatu kilibana mpaka kichwani. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki, mengine kwa Kirangi, maana matusi ya kwetu hayajawahi kuniangusha. Yanayoandikika ni haya: yule jamaa ndiye niliyekuletea! Hizo nyota na hayo magamba ni gunia tu, yule jamaa ndiye nafaka! Umemwaga nafaka, umenipa gunia limepigwa pasi!

Maskini, hakudhani amekosa. Alifanya kazi zaidi ya nilivyomtuma, na kwa moyo mweupe. Hilo nalo lilinikera, maana mtu mwenye nia njema hata kumkunja shati huwezi.

"Kanda ziko wapi, Zakaria?"

Akashika kidevu. "Nilimpa shangazi yangu. Yuko kijiji cha Susuni. Ana mtama, ndege wanamsumbua. Bwana shamba mmoja aliwafundisha kufunga tepe za kanda kwenye miti, upepo ukizipiga zinalia, ndege hawashuki."

Bwana shamba mmoja.

Nilikaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Tarafa hii yote bwana shamba anayewahubiria watu tepe za kanda ni mtu mfupi, mwenye kitambi na kofia ya majani, na ninamfahamu vizuri, huwa nanyoa ndevu zake.

"Zote?" nikauliza.

"Imebaki moja. Imenasa kwenye deki. Nilitaka nione ubaya wake ulivyo, ikagoma kutoka. Inacheza, lakini haitoki."

"Icheze."

Akawasha. Mikwaruzo, mvua ya kijivu, picha inayumba kama mlevi wa chang'aa. Chombo kikapita kwenye uzi wake. Na ile sauti, kavu, ya puani kidogo, "Msiogope, hiyo ni kamba ya ndama."

Zakaria alicheka. Akajishika mdomo, lakini alishacheka.

Nikachomoa nyaya, nikaikumbatia ile deki na kanda yake tumboni.

"Afisa, deki hiyo ni yangu!"

"Na Mwita ni wetu."

Alinifuata hadi kwenye pikipiki. Nilidhani anataka kuninyang'anya, kumbe ameleta mpira wa kufungia. Akaifunga mwenyewe kwenye karia, mara mbili, akajaribu kama imekaza. Mimi sikumshukuru. Hasira ilikuwa bado inachemka, na ukiipua kabla ya wakati inakuwa mbichi.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika Nyanungu. Mama mkwe alikuwa palepale, na kitenge kilekile, amekataa kubadilishwa. Shemeji mdogo akahangaika na nyaya, mimi nikarudi kwenye kigoda changu chini ya dirisha.

Ilipoanza, watoto walilalamika. Mbona picha mbaya? Mbona ndogo? Bhoke akawanyamazisha kwa jina la kila mmoja.

Sikuangalia ndani. Nilisikiliza kama yeye. Mwita akamgombeza Marwa, akambembeleza Rhobi, akawafukuza wezi wa ng'ombe kwa kuwatajia ukoo mmoja baada ya mwingine.

Kila mwisho wa kanda Mwita alikuwa anaaga namna moja. Nilikuwa nimesahau kabisa. "Haya, nendeni nyumbani. Na mtu ampitie mama yangu, amwambie asinifungie mlango, niko njiani."

Mkwaruzo tu wa kanda.

Kisha mama mkwe akasema, kwa ile sauti ya mama anayemwambia mura wake, kijana aliyechelewa chakula, "Uko wazi, mura. Ingia."

Nilivua kofia. Kucheka hovyo siruhusiwi pale, na kulia hovyo sikuuliza.

Sasa niko nyumbani na bado nina hasira, sitadanganya. Nawakasirikia waliofuta uzi, nani aliwatuma? Namkasirikia Zakaria. Na yule bwana shamba wa kofia ya majani, huyo tuna mazungumzo marefu. Kanda moja si Mwita mzima. Mwita aliyebaki yuko Susuni, amenyooshwa juu ya mtama wa mama mmoja nisiyemjua, upepo unampiga kwa wiki mbili sasa, na manyunyu ya leo yamemkuta huko. Sijui kama tepe iliyolowa inaweza kuongea tena. Zakaria naye hajui. Nimempigia simu kuuliza, akasema nimletee hivyohivyo, hatagusa neno la yule jamaa.

Kesho alfajiri naenda kwa huyo shangazi. Nitampa shikamoo yake, nitamwomba nizikunje tepe zote, taratibu, mti kwa mti. Atauliza ndege je, mwaka huu mtama wake aulinde na nini, na atakuwa na haki.

Nitamwambia asiwe na wasiwasi. Mpaka avune, kila nitakapopata nafasi, nitasimama shambani mimi mwenyewe na kupunga mikono. Umbo ninalo, na kofia ninayo.