Kesi Niliyokusihi Uiondoe

Doha, 9 Juni 2015

Mdogo wangu Loice,

Huku West Bay joto limezidi, hata zamu za kulinda mlango wa hoteli zimefupishwa. Barua hii ataileta Velma, mwenzangu wa kazini anayekuja likizo, maana simu yako mumeo huisoma.

Mwaka jana alipokukaba koo, mimi ndiye niliyekusihi mmalizane nyumbani. Karani wa korti alikwambia kesi nyingi za namna hiyo hupunguzwa kuwa shambulio la kawaida, kisha walalamishi wenyewe huziondoa. Nawe ukaiondoa kwa kuniheshimu.

Jumapili ulisema una mafua. Loice, sauti ile ya kukwaruza naijua. Ndiyo uliyokuwa nayo mwaka jana.

Nenda polisi. Mama akinituma tena nikubembeleze, usishike simu yangu.

Dada yako,
Phoebe